Zabuni ya Kivuli: Uwongo wa Bei katika Minada ya Intaneti na Hatima ya Malikale za Lamu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hila ya kupandisha bei mnadani kwa kutumia wanunuzi wasiokusudia kununua, hasa katika minada ya vitu vya kale inayoendeshwa kupitia intaneti. Yanaanza kwa kuutazama msamiati wa mnada katika Kiswahili na kupendekeza istilahi ya zabuni ya kivuli. Kisha yanaeleza jinsi hila hiyo inavyotendeka, yanajadili kesi mbili zilizofikishwa mahakamani nchini Marekani, na kuyahusisha hayo na vitu vya visiwa vya Lamu vinavyotafutwa na wakusanyaji: stempu, samani na miswada ya tungo za Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba bei inayotajwa mnadani ni ushahidi unaotolewa hadharani. Anayeughushi ushahidi huo humdhulumu mnunuzi mmoja leo, na huharibu kumbukumbu itakayotegemewa na wengine kesho, wakiwemo watafiti wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina nadharia nzima ya biashara ndani yake. Inadai kuwa ubora wa kitu huonekana katika namna watu wanavyokikimbilia, na kwamba kitu kinachohitaji kusifiwa sana na mwenyewe kina walakini. Mnunuzi asiyekijua kitu vyema hutazama nyuso za wanunuzi wenzake. Wakikigombania, naye huamini kuwa kina thamani. Wakikipita, naye hupita.

Hila inayojadiliwa katika makala haya inaishambulia methali hiyo katika kiini chake. Muuzaji mwenye kitu kibaya, au kitu kizuri cha bei ndogo, hupanga watu wakigombanie kwa uwongo ili kibaya kionekane kinajiuza chenyewe. Hila hii ni ya kale kama mnada wenyewe. Hata hivyo, tangu kampuni ya eBay ilipoanzishwa mwaka 1995 na minada kuhamia katika intaneti, mtu mmoja ameweza kuketi mbele ya kompyuta moja akawa muuzaji, mnunuzi wa kwanza, mnunuzi wa pili na shahidi wa wote watatu.

Suala hili huenda likaonekana kuwa mbali na idara za Kiswahili. Ukaribu wake unajitokeza pale inapokumbukwa kwamba visiwa vya Lamu, yaani Lamu, Manda, Pate na vingine vya jirani, ndivyo vilivyokuwa kitovu cha utenzi wa Kiswahili wa zamani. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, Al-Inkishafi ilitungwa kutokana na magofu ya Pate, na Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wake mwaka 1858. Tungo hizi zilitufikia kwa njia ya miswada, na mswada ni kitu kinachoshikika: hurithiwa, huibwa, huuzwa na hunadiwa. Lolote linaloharibu soko la vitu vya kale hugusa moja kwa moja msingi wa taaluma.

2.0 Msamiati wa Mnada na Pengo la Istilahi

Msamiati wa mnada katika Kiswahili unatokana kwa kiasi kikubwa na Kiarabu, na historia yake inafundisha. Neno mnada na kitenzi kunadi vina asili ya kuita kwa sauti. Mnadi ni mwenye kuita, na katika matumizi ya pwani mtu aweza kunadi bidhaa au kunadi sala. Dalali ni mwenye kuonyesha njia baina ya muuzaji na mnunuzi. Zabuni, ambayo katika Kiswahili cha maofisini imekuja kumaanisha maombi ya kandarasi yanayotiwa ndani ya bahasha, kwa asili inahusu mnunuzi na bei anayoitaja mnadani. Katika maneno yote hayo sauti ndiyo nguzo. Mnada wa kale ulikuwa tendo la sema: bei ilitamkwa, ikasikika, na aliyeitamka akaonekana.

Jambo hili lingali hai katika minada ya samaki, kwa mfano katika soko la Feri jijini Dar es Salaam au Malindi huko Unguja. Fungu la samaki huwekwa chini, mnadi hupaza sauti, na wanunuzi huongeza bei wakiwa wamekizunguka wanachokitaka. Kila mmoja anajua ni nani mwenye jiko la hoteli, nani mchuuzi wa mitaani, na nani shemeji yake mvuvi. Shemeji huyo akitaja bei kubwa asiyoweza kuilipa, mzungu wa watu utacheka, na siku ya pili hapana atakayemsikiliza. Kinga ya mnada wa namna hiyo ni uso wa mtu na jina lake.

Kwa upande wa hila yenyewe, Kiarabu cha fikihi kina neno mahususi, najshi, linalomaanisha kuongeza bei ya kitu bila nia ya kukinunua ili kumdanganya mwingine. Wanaleksikografia wa Kiarabu huihusisha asili ya neno hilo na uwindaji, yaani kumfurusha mnyama kutoka mafichoni ili aende alipo mwindaji. Sitiari hiyo ni sahihi mno. Mnunuzi huamini kwamba anakikimbilia kitu kwa hiari yake, kumbe anafurushwa kuelekea wavuni.

Pamoja na usahihi huo, neno hilo halijaenea katika Kiswahili nje ya darsa za dini, na kulitohoa kuna matatizo. Umbo najashi tayari linafahamika kama lakabu ya mfalme wa Habasha aliyewapokea Waislamu wa mwanzo, mtu mwenye sifa ya uadilifu. Aidha, msikilizaji asiye na elimu ya Kiarabu atalikaribisha karibu na najisi, neno lenye maana nyingine kabisa. Makala haya kwa hiyo yanapendekeza istilahi zabuni ya kivuli kwa tendo, na mzabuni kivuli kwa mtendaji. Kivuli hufuata umbo la mtu, husogea anaposogea, lakini hakina mkono wa kutoa pesa. Zabuni ya kivuli itofautishwe na njama za wanunuzi, ambapo wanunuzi halisi huafikiana wasishindane ili bei ibaki chini. Njama ya pili humdhulumu muuzaji, ilhali zabuni ya kivuli humdhulumu mnunuzi.

3.0 Jinsi Hila Inavyotendeka

Katika minada mingi ya intaneti mnunuzi hahitaji kukesha akiongeza bei. Huandika kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, na programu humwongezea kidogo kidogo kila anaposhindwa na mwingine, bila kukivuka kiwango hicho. Kiwango chenyewe ni siri. Utaratibu huu ulibuniwa kumsaidia mnunuzi, lakini ndio unaompa mzabuni kivuli mlango.

Mfano wa kubuni utasaidia kufafanua. Bahasha ya zamani yenye muhuri wa posta inanadiwa kuanzia dola 20. Mnunuzi wa kwanza yuko tayari kulipa hadi dola 400, na mnunuzi wa pili hadi dola 120. Mnada ukiwa safi, mnunuzi wa kwanza atashinda kwa takriban dola 125, kwa kuwa hiyo ndiyo bei inayotosha kumshinda mwenzake. Sasa muuzaji anajiandikisha kwa jina jingine. Anataja 150, anashindwa. Anataja 200, anashindwa. Anataja 300, kisha 380, na kila mara programu inamjibu kwa niaba ya mnunuzi wa kwanza. Anaposimama hapo, mnunuzi amekwisha kupandishwa hadi dola 385. Dola 260 zimeondoka mfukoni mwake bila mtu yeyote wa kweli kukitaka kitu hicho kwa bei hiyo. Mnunuzi mwenyewe hufurahi, kwani anadhani ameshinda shindano kali.

Hatari ya mzabuni kivuli ni kuvuka mpaka. Akitaja 450, atajikuta ameshinda bidhaa yake mwenyewe. Hapo ndipo zinapoonekana mbinu za kujinasua. Huifuta zabuni yake kwa kisingizio kwamba alikosea tarakimu. Au muuzaji humwandikia mnunuzi wa kwanza kumweleza kwamba aliyeshinda hakulipa, hivyo bidhaa ni yake kwa kiwango chake cha juu. Au kitu kilekile hurudishwa mnadani baada ya wiki chache.

Kutokana na utaratibu huo, dalili za zabuni ya kushukiwa zinaweza kuorodheshwa. Kwanza, mzabuni mmoja huonekana mara nyingi katika bidhaa za muuzaji mmoja, na kwa nadra sana kwingineko. Pili, huzabuni sana lakini karibu hashindi kamwe. Tatu, huongeza kwa hatua ndogo ndogo mfululizo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, kisha huacha ghafla. Nne, hujitokeza mapema na hunyamaza dakika za mwisho, ilhali mnunuzi mwenye nia kwa kawaida hungoja mwisho ili asiamshe ushindani. Tano, hufuta zabuni zake mara kwa mara. Sita, bidhaa iliyotangazwa kuwa imeuzwa hurejea sokoni. Hakuna dalili moja kati ya hizi inayotosha kumtia mtu hatiani. Mkusanyaji mwaminifu wa stempu za pwani aweza kumfuata muuzaji mmoja kwa sababu ndiye pekee mwenye stempu hizo. Dalili hupata nguvu zinapojumuika.

4.0 Kesi Mbili: Muuzaji kama Msimulizi

Kesi iliyoutangazia ulimwengu hila hii ilitokea Sacramento, California. Mwezi Mei mwaka 2000, wakili kijana aitwaye Kenneth Walton alinadi kwenye eBay mchoro mkubwa wa rangi kwa bei ya kuanzia senti 25. Maelezo yake yalikuwa ya mtu mnyenyekevu, baba wa familia, asiyejua sanaa. Alidai aliununua mchoro huo katika uuzaji wa vyombo vya nyumbani miaka mingi nyuma, na kwamba mtoto wake aliutoboa kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Hakutaja jina la mchoraji. Picha, hata hivyo, ilionyesha kwenye kona herufi na tarakimu zilizofanana na sahihi ya Richard Diebenkorn, mchoraji maarufu wa California. Wanunuzi walidhani wamegundua hazina ambayo mwenyewe haijui. Bei ilipanda hadi dola 135,805.

Kampuni ya eBay ilibatilisha mnada huo baada ya kubainika kwamba Walton mwenyewe alikuwa ametaja bei kwa jina jingine. Uchunguzi ulionyesha kuwa yeye na wenzake wawili, Kenneth Fetterman na Scott Beach, walikuwa wakipandishiana bei katika mamia ya minada wakitumia zaidi ya majina 40 ya kubuni. Walishtakiwa mwaka 2001, na Walton akakiri kosa. Mwaka 2006 alichapisha kitabu kiitwacho Fake kuhusu mkasa huo.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kesi hii ina mvuto wa pekee, kwa sababu udanganyifu wake umejengwa kwa mbinu za usimulizi. Muuzaji alibuni msimulizi wa nafsi ya kwanza asiyeaminika: mke na mtoto waliotajwa hawakuwapo. Alitumia ukimya kama mbinu, akamwachia msomaji ajaze pengo la jina la mchoraji. Kisha akaongeza wahusika wengine, wale wazabuni 40 na zaidi, ambao kila mmoja alisema neno moja tu, nalo ni tarakimu. Msomaji wa riwaya huingia katika mapatano na mtunzi akijua kwamba anasimuliwa jambo la kubuni. Mnunuzi wa Sacramento hakupewa mapatano hayo. Hapo ndipo ubunifu unapogeuka ughushi.

Kesi ya pili inaonyesha kwamba hila hii haikomei kwa watu wadogo waliojificha majumbani. Bill Mastro, aliyeendesha kampuni ya mnada ya Mastro Auctions katika eneo la Chicago, alikuwa miongoni mwa majina makubwa ya biashara ya kumbukumbu za michezo. Mwaka 2013 alikiri mahakamani kwamba kampuni yake ilipandisha bei kwa zabuni za uwongo katika minada ya miaka ya 2002 hadi 2009, na mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Alikiri pia kwamba aliikata kingo kadi ya mchezaji Honus Wagner, kadi ya besiboli yenye thamani kubwa, ili ionekane safi zaidi. Kadi hiyohiyo ilikuwa imenunuliwa kwa dola 451,000 mwaka 1991, ikauzwa kwenye eBay kwa zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2000, na kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Kila mnunuzi aliitazama bei ya aliyemtangulia kama dhamana. Hakuna aliyeweza kuiona ile kingo iliyokatwa.

Ughushi wa kitu na ughushi wa bei, kwa mujibu wa kesi zote mbili, hutembea pamoja. Anayejua kwamba kitu chake kina kasoro ndiye mwenye haja kubwa ya mashahidi wa uwongo.

5.0 Vitu vya Lamu Mbele ya Mnadi

Hila ya zabuni ya kivuli hustawi zaidi pale ambapo kitu ni adimu, bei yake haijulikani na wengi, na uhalisi wake ni mgumu kuthibitisha kwa picha. Vitu vya Lamu vina sifa zote tatu.

5.1 Stempu na mihuri ya posta

Tarehe 22 Novemba 1888 Wajerumani walifungua wakala wa posta mjini Lamu, wakati walipokuwa na mlango wa himaya huko Witu, bara yake. Baada ya mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, uliowaondoa Wajerumani Witu, wakala huo ulifungwa tarehe 31 Machi 1891. Stempu zilizotumika hapo zilikuwa zilezile za kawaida za Ujerumani. Kinachoitofautisha stempu ya senti chache na stempu inayotafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima ni alama ya wino tu: muhuri wenye jina la Lamu. Muhuri huweza kuchongwa upya na mghushi stadi.

Hali haikuwa tofauti Mombasa mwaka 1891, pale stempu za kampuni ya Imperial British East Africa zilipopungua. Thamani mpya ziliandikwa kwa kalamu juu ya stempu zilizokuwapo, na ofisa akatia herufi za mwanzo za jina lake. Zinazojulikana sana ni zile za Andrew Dick. Hapa uhalisi unategemea mwandiko wa mkono mmoja wa miaka zaidi ya 130 iliyopita. Mnunuzi aliye mbali, anayetazama picha kwenye kioo cha kompyuta, hana njia ya kuugusa wino. Hutazama ni wangapi wengine wanaoitaka stempu hiyo. Wakiwa ni vivuli, amekwisha.

5.2 Samani na milango

Kiti cha enzi cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe, mlango wa kuchongwa, sahani za kaure zilizokuwa zikipambwa katika vidaka vya nyumba za mawe: hivi vyote vina wapenzi wengi ng'ambo. Siwa mbili mashuhuri, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, na mji wenyewe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vitu vingi zaidi vimo mikononi mwa familia. Aidha, mafundi wa Lamu na Siyu wangali wakichonga, na kazi yao ni halali na ya kujivunia. Tatizo huanza pale kiti cha fundi wa leo kinapopewa umri wa babu yake, na wazabuni vivuli wakaitwa kuushuhudia umri huo.

5.3 Miswada

Eneo hili ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa taaluma. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji wa milango na mnakili wa miswada. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata kwake nakala za tendi, na nyingi kati yake zimo leo London na Hamburg, ambako watafiti huzisoma. Nakala hizo zina thamani ya kitaaluma kwa sababu inajulikana nani aliandika, kwa ajili ya nani, na zilipitia mikono ya akina nani. Wahenga walionya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mswada unaotoka chumbani kwa familia na kuingia katika mnada wa intaneti hupoteza daftari hilo. Pale bei za kurasa za kale zinapopandishwa, muuzaji huona faida katika kukigawa kitabu kurasa kurasa, kwa kuwa kurasa 50 huleta wanunuzi 50. Msahafu wa Siyu, mji uliosifika kwa kunakili misahafu katika karne ya 19, ukivunjwa hivyo, ukurasa wa mwisho wenye jina la mnakili na tarehe hutengana na matini yake. Utenzi ukitawanywa, hakuna mhakiki atakayeweza kulinganisha beti zake na za nakala nyingine. Hasara hiyo hairudishwi kwa kumfunga muuzaji miezi 20.

Bei ya uwongo huvuka bahari kwa njia nyingine pia. Taarifa kwamba kitu kama hiki kiliuzwa kwa kiasi fulani huweza kumfikia dalali wa vitu vya kale, na dalali akaipeleka nyumbani kwa mjane mwenye sanduku la vitabu vya marehemu. Familia iliyokuwa ikisitasita hushawishika. Makumbusho na maktaba zenye bajeti finyu hushindwa kushindana na tarakimu ambayo hakuna mtu wa kweli aliyewahi kuilipa.

6.0 Hukumu ya Fikihi na Hukumu ya Sheria

Jamii ya Lamu haikuletewa suala hili na intaneti. Fikihi ya Kiislamu, inayofundishwa visiwani kwa madhehebu ya Shafi, ilikwisha kulijadili karne nyingi zilizopita. Mnada wenyewe ni halali. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alinadi tandiko na bakuli la mtu fakiri miongoni mwa Ansari. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza kama yuko wa kuzidisha, na mwingine akatoa mbili. Upandishaji wa bei kwa hila, kwa upande mwingine, umekatazwa wazi katika hadithi zilizomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Tofauti kati ya matukio haya mawili ni nia: yule wa dirhamu mbili alizitoa.

Wanazuoni walihitilafiana juu ya hatima ya mauzo yaliyofanyika kwa hila hiyo. Wapo waliompa mnunuzi hiari ya kurudisha. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba muuzaji na mshirika wake wana dhambi, lakini mauzo yamesihi na mnunuzi hana hiari, kwa sababu alizembea kuuliza wajuzi. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki katika soko ambalo wajuzi walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka kwa mnunuzi. Katika mnada wa intaneti, ambapo majina hufichwa na mjuzi aliyeulizwa aweza kuwa ni muuzaji mwenyewe, swali la uzembe linahitaji ijtihadi mpya ya wenye elimu yake.

Sheria ya Kenya inaelekea upande wa mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamkataza muuzaji kujizabunia au kumwajiri mtu amzabunie, isipokuwa haki hiyo imetangazwa mapema. Akikiuka, mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya ulaghai. Sheria hiyohiyo inamruhusu muuzaji kuweka bei ya chini ambayo hatauza bila kuifikia, mradi jambo hilo litangazwe. Mwenye mali basi ana njia ya wazi ya kuilinda mali yake, na hana udhuru wa kutumia kivuli. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta nayo imeufanya ulaghai kwa njia ya kompyuta kuwa jinai.

Kuhusu vitu vyenyewe, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inadhibiti utoaji wa malikale nje ya nchi bila kibali, na mwaka wa kikomo uliotumika katika fasili ya malikale ni 1895. Jambo linalopaswa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba fasili hiyo inataja vitu vinavyohamishika isipokuwa kitabu au hati. Kiti cha enzi kimo ndani ya fasili. Mswada wa utenzi uliokuwa juu ya kiti hicho umeachwa nje yake, na ulinzi wake hauna budi kutafutwa katika vifungu na sheria nyingine.

7.0 Bei kama Isnadi

Sheria na fikihi zote mbili humtazama mnunuzi aliyeibiwa. Makala haya yanadai kwamba dhuluma ni pana zaidi. Wapokezi wa hadithi hawakuridhika na matini. Waliuliza nani alimsikia nani, na mpokezi mmoja akithibitika kuwa mwongo, mlolongo mzima uliingia udhaifu. Bei ya kitu adimu nayo ina isnadi yake. Mnunuzi wa leo humtegemea wa jana, naye alimtegemea wa juzi. Mzabuni kivuli ni mpokezi wa kubuni aliyechomekwa katikati ya mlolongo. Akishaondoka, tarakimu aliyoiacha hubaki ikinukuliwa katika orodha za bei, katika bima, katika tathmini za mirathi na hata katika maandishi ya kitaaluma.

Kutokana na mtazamo huo, mtafiti anaweza kufanya mambo kadhaa yaliyo ndani ya uwezo wake. Kwanza, bei ya mnadani isinukuliwe kama kipimo cha umuhimu wa mswada au kifaa. Pili, anayekutana na mswada unaonadiwa ahifadhi picha zote, maelezo ya muuzaji na mfuatano wa zabuni kabla havijaondolewa, kwa kuwa huenda hiyo ikawa ndiyo athari pekee itakayosalia. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na familia za visiwani, kwa ridhaa yao, kuorodhesha na kupiga picha miswada ikiwa bado nyumbani. Mswada wenye orodha ni mgumu kuuzwa kwa jina la uwongo, na hata ukiuzwa, matini yake haipotei.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba zabuni ya kivuli ni hila yenye jina la kale katika fikihi, katazo katika sheria ya Kenya, na mifano iliyothibitishwa mahakamani, kuanzia Sacramento mwaka 2001 hadi Chicago mwaka 2015. Imebainika pia kwamba intaneti iliondoa kinga ya uso na jina iliyoulinda mnada wa pwani, na kwamba vitu vya Lamu, kwa uadimu wake na kwa ugumu wa kuthibitishwa, vimo katika hatari kubwa. Istilahi zilizopendekezwa hapa zinaweza kujadiliwa na kuboreshwa. Lililo muhimu ni kuwa mzungumzaji wa Kiswahili awe na neno la kuiitia hila hii, kwani jambo lisilo na jina ni vigumu kulishtakia. Methali ya kizuri chajiuza itabaki kuwa kweli mahali ambapo wanaokinunua ni watu. Pale wanunuzi wanapokuwa vivuli, anayejiuza aweza kuwa yeyote, na anayepotea aweza kuwa ni mshairi wa Pate ambaye hakuna tena atakayejua kwamba aliandika.